Mlango wa uani katika ufundi wa programu za kompyuta

Ijumaa moja mwaka jana, baada ya swala, nilikuwa nimeketi kibarazani pale Pasua, mjini Moshi, nikisubiri jua lipungue, akaja mzazi mmoja tunayefahamiana miaka mingi. Tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha akashusha sauti kama mtu anayetaka kukopa. "Mwalimu," akasema, "huyu mwanangu amemaliza kidato cha nne, matokeo yake unayajua. Sasa hataki gereji, wala hataki kupanda mlima na mizigo ya wageni. Anasema anataka kuwa mhandisi wa programu za kompyuta. Hivi kweli mtu anakuwa mhandisi kwa divisheni ziro?"

Nilicheka. Nikamwambia ampeleke gereji, mambo mengine ni ndoto za simu. Naye akacheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nilipojishitaki. Kwanza, yule bwana alikuwa amekwisha kulipa ada ya miezi sita katika darasa moja la kompyuta hapa mjini, na kijana ametoka na cheti kisichomsaidia kitu. Pili, jibu nililompa nililitoa bila elimu. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote ya kazi, lakini kuhusu kazi hiyo ya kutengeneza programu nilikuwa sijui zaidi ya kijana mwenyewe. Nikaanza kuuliza na kusoma. Haya yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumjibu siku ile, na nayaweka hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hilo nyumbani.

Watu wa Moshi tunajua kuwa Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya mlima, na kabla mwaka ule haujaisha ikafika kileleni Uhuru, mita 5,895. Mgeni anayefika juu anatuma picha kwao papo hapo. Mpagazi aliyembebea mzigo, ambaye kwa taratibu za hifadhi habebi zaidi ya kilo 20, naye ana simu mfukoni na anatuma picha hizo hizo. Intaneti imetupita huku chini, imefika kwenye barafu. Lakini ni wangapi kati ya vijana wetu wa Pasua, Njoro, Majengo na Bondeni wanaojua kinachofanyika ndani ya ile simu zaidi ya picha na mpira?

Na sisi wazazi tusiwalaumu sana. Wengi wetu wenye mvi tulikulia katika nchi ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na hata marufuku ilipolegezwa, kompyuta ilibaki kuwa chombo cha benki na wizara. Mkongo wa kwanza wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kwa hiyo mzazi anapoambiwa "kompyuta" anafikiria taipu yenye kioo, naye anamlipia mwanawe kozi ya taipu yenye kioo. Katika kozi hizo kijana anafundishwa kuandika barua, kupanga jedwali na kuchapa. Si mambo mabaya, na karani anayahitaji. Lakini kumfundisha mtu hayo na kumwambia kuwa yuko njiani kuwa mhandisi wa programu ni sawa na kumfundisha mtu kuendesha daladala ukamwambia kesho ataunda injini.

Basi mtengeneza programu hufanya nini? Nitatumia mfano ambao msomaji wa gazeti hili anaujua tangu madrasa: mirathi.

Amefariki mtu, ameacha mke, mama mzazi, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, imebaki shilingi milioni 24. Ustadhi anajua la kufanya. Kwa kuwa marehemu ameacha watoto, mke anapata thumni, yaani moja ya nane: milioni 3. Mama anapata sudusi, moja ya sita: milioni 4. Zimebaki milioni 17, ambazo wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Yanakuwa mafungu matano, kila fungu milioni 3 na laki 4. Kila mtoto wa kiume anachukua milioni 6 na laki 8, wa kike milioni 3 na laki 4. Jumlisha, utapata 24.

Sasa tazama ustadhi alivyofikiri. Aliuliza kwanza: je, kuna deni? Kama lipo, litolewe. Je, marehemu ana watoto? Kama anao, mke apewe moja ya nane. Kama hana, moja ya nne. Kila jibu linafungua njia yake, na kila njia ina hesabu yake, kwa mpangilio usioweza kuvurugwa: huwezi kugawa kabla ya kulipa deni. Kutengeneza programu ni kuandika maelekezo ya namna hiyo, moja baada ya jingine, katika lugha ambayo mashine inaielewa, mpaka mashine iweze kugawa mirathi ya watu elfu moja bila ustadhi kuwepo. Ugumu unakuja kwa kuwa mashine haina busara. Ustadhi akiambiwa marehemu hakuacha mtoto hata mmoja, hashangai. Mashine uliyoiagiza igawe kilichobaki kwa idadi ya watoto itajaribu kugawa kwa sifuri, nayo itakwama pale pale.

Au chukua mwanamke aliyefariki bila mtoto wala baba, akaacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mume fungu lake nusu. Dada wawili fungu lao theluthi mbili. Ukijumlisha, inazidi mali yote iliyopo! Wanazuoni walilitatua hilo zamani kwa kanuni ya awl: mafungu yote yanapunguzwa kwa uwiano, mali inagawanywa sehemu saba, mume anachukua tatu na dada wanachukua nne. Kijana anayeandika programu ya mirathi bila kuijua kanuni hiyo atagawa fedha ambazo hazipo. Kwa wenyewe, kazi yao kubwa ni hiyo ya kuwinda hali adimu ambazo hakuna aliyezifikiria, kabla hazijamfika mtu mwenye haki yake.

Wala sikuchagua mirathi kwa ajili ya kuwapendeza wasomaji. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9, aliandika kitabu cha al-jabr ambacho hesabu ya aljebra imepata jina lake humo, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi. Jina lake mwenyewe, lilipopita katika ndimi za Walatini, ndilo lililozaa neno wanalotumia wahandisi wa kompyuta dunia nzima kwa maana ya mpangilio wa hatua za kutatua tatizo. Hata hivyo tusilewe sifa za mababu. Al-Khwarizmi hatamwandikia kijana wa Bondeni hata mstari mmoja.

Tukirudi kwenye swali la mzazi: je, bila cheti inawezekana? Jibu nililolipata ni kuwa inawezekana, kwa sababu kazi hii ina tabia ya ufundi. Mtu wa Moshi akiharibikiwa gari haulizi fundi alipata divisheni gani. Anauliza, gari la nani umetengeneza, nalo linatembea? Fundi mwenyewe alijifunza wapi? Alikaa kwa fundi. Alianza kwa kuosha vyuma kwenye petroli, akashika spana, akaachiwa gurudumu, baada ya miaka kadhaa akaachiwa injini. Mafundi seremala, mafundi cherahani, mafundi simu pale stendi, wote wamepita humo. Na programu ya kompyuta nayo ama inafanya kazi ama haifanyi, na mwenye kuihitaji anaweza kuijaribu mbele yako. Ndiyo maana tangu kazi hii ianze, duniani kote, wamekuwemo ndani yake watu waliotoka kwenye ualimu, sheria, muziki na hata wasiomaliza shule.

Hapa vijana hupenda kunitajia Bill Gates, kwamba aliacha chuo. Ni kweli aliacha. Lakini chuo alichoacha ni Harvard, na alikuwa ameshika kompyuta tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari, wakati ambapo vyuo vikuu vingi duniani havikuwa nayo. Mfano huo haumfai mtu wa Njoro anayehesabu bando.

Tofauti moja kubwa ipo kati ya gereji na programu, na kwa maoni yangu ndiyo inayowaangusha vijana wetu wengi. Gereji iko barabarani. Mtoto anapita anaona injini imefunguliwa, anamwona fundi amelala chini ya gari. Programu imefungwa, unaona kioo tu. Na hapa Moshi ni nadra kumpata fundi wa programu ambaye kijana anaweza kukaa ubavuni mwake na kumtazama anavyokosea na kusahihisha. Kukaa kwa fundi asiyeonekana ni jambo gumu.

Ila dunia ya kompyuta ina utamaduni mmoja wa ajabu, ambao fundi wa gereji angeuona wazimu: wapo mafundi wanaoweka kazi yao wazi, mstari kwa mstari, kila mtu aione, aichukue na aibadilishe. Huitwa programu huria. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Finland, ni ya namna hiyo, na simu nyingi tulizonazo mifukoni zimejengwa juu yake. Sisi wenyewe tuna sehemu yetu katika historia hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu programu yenyewe ilikuwa huria. Leo mafundi wengi huweka kazi zao GitHub, mahali palipofunguliwa mwaka 2008, na kijana wa Majengo anaweza kufungua injini ya programu inayotumika dunia nzima akaitazama. Haimgharimu ila bando na subira.

Yako pia masomo. Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikiweka somo lake la utangulizi, CS50, kwenye intaneti bure. Ipo freeCodeCamp, nayo bure, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Quincy Larson, mtu aliyekuwa mwalimu na aliyejifunza kazi hii akiwa mtu mzima. Simtajii mzazi mengine zaidi ya hayo mawili, kwa kuwa nimegundua ugonjwa mmoja: kijana anakusanya masomo kumi, anaangalia video za kwanza za kila somo, halafu anarudi mwanzo. Moja linatosha, alimalize.

"Lakini yote hayo ni Kiingereza," atasema mzazi. Ni kweli, na hatuwezi kulifunika. Anayesoma Kiingereza kwa shida atatembea polepole. Hata hivyo lugha ya programu yenyewe ni ndogo. Python, ambayo wengi huanza nayo, maneno yake ya msingi hayafiki 40: kama, vinginevyo, wakati, rudisha, na kadhalika. Mtoto wetu amehifadhi juzuu nzima kwa herufi na lugha isiyosemwa nyumbani kwao, tena kabla ya kumaliza darasa la tatu. Maneno 40 hayamshindi. Kitakachomshinda ni kusoma maelezo marefu, na dawa yake ni kamusi, mwenzake wa kusoma naye, na muda. Wapagazi wengi wamejifunza Kiingereza njiani Machame na Marangu kwa kuzungumza na wageni, bila darasa. Sioni kwa nini ishindikane.

Muda wenyewe ni kiasi gani? Hapa wauza kozi hudanganya sana. Miezi mitatu, wanasema, na ajira juu yake. Kila niliyemuuliza miongoni mwa wanaoifanya kazi hii aliniambia miaka miwili ya kukaa nayo kila siku ndipo mtu aanze kulipwa bila kuonewa huruma. Fundi cherahani hatashangaa.

Kuna jambo lililotokea kwa majirani zetu ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Kampuni ya Andela ilianza Lagos mwaka 2014, ikafika Nairobi mwaka 2015 na baadaye Kampala. Haikudai digrii. Ilitoa mtihani wa kufikiri, ikachukua vijana wachache kati ya wengi mno, ikawafundisha huku ikiwalipa, kisha ikawaunganisha na makampuni ya nje. Ilikuwa ndiyo gereji tunayoizungumza, kwa sura ya kisasa. Vijana wengi wa Kenya, Uganda na Nigeria wameingia katika kazi hii kwa mlango ule. Lakini Septemba 2019 kampuni ilitangaza kuwaachisha wahandisi wachanga wapatao 250 Nigeria na Uganda, na Kenya wengine hadi 170 wakawa hatarini. Sababu ilikuwa kwamba wateja walitaka mafundi waliokwisha kukomaa, na wanagenzi walizidi kazi zilizopo. Mlango upo, basi, lakini nao una kizingiti, na kizingiti hicho ni ile miaka ya mwanzo ambayo hakuna anayetaka kuilipia.

Tangu Novemba 2022, ilipotoka ChatGPT, kizingiti kimepanda zaidi. Programu hizo za akili mnemba zinaandika msimbo kwa sekunde, hasa ule mwepisi ambao zamani alipewa mwanagenzi. Vijana wengine wameniambia, "Mwalimu, sasa ya nini kujifunza?" Katika kutafuta majibu nilikutana na habari za Bi. Dorothy Vaughan wa Marekani, mwanamke mweusi, mwalimu wa hisabati, aliyeajiriwa mwaka 1943 katika kituo cha Langley kupiga hesabu za ndege kwa mkono. Ilipoonekana kuwa mashine za kompyuta zinakuja kuchukua kazi ile, alijifundisha mwenyewe FORTRAN, lugha ya mashine zile, kisha akawafundisha wanawake wenzake, wakahamia upande wa kuiongoza mashine. Hakusubiri kuitwa kozi. Sisemi kuwa kila mtu atafanikiwa hivyo, na ukweli ni kwamba kazi za mwanzo zimepungua. Anayenakili tu kilichoandikwa na mashine bila kujua kama ni sahihi atakuwa wa kwanza kuachwa. Mashine ile ile ukiiuliza mirathi inaweza kukujibu kwa lugha tamu sana na hesabu isiyo sahihi. Ni lazima awepo mtu anayejua kuwa jumla imezidi mali.

Ndiyo maana nimeshawishika kwamba kijana wa Moshi asianze na programu ya kuiteka dunia. Aanze na tatizo analolijua kuliko mtu wa Nairobi au California. Mji huu umejaa kampuni za utalii, nyingi ndogo ndogo, zinazopanga wageni, waongozaji na wapagazi kwa daftari na ujumbe wa simu. Wakulima wa kahawa wa mteremko huu waliungana katika KNPA tangu mwaka 1925 na KNCU tangu 1933, na mpaka leo vyama vya msingi hupima kahawa ya kila mkulima na kuandika kilo zake; makosa katika daftari hilo ni ugomvi wa mwaka mzima. Juu huko Kibosho, Uru na Marangu iko mifongo, mifereji ya kienyeji, ambayo kila kaya ina zamu yake ya maji. Madrasa zetu zenyewe hazijui nani amelipa ada na nani hajalipa. Kila moja ya hizo ni kazi ya kwanza ya mtu, yenye mteja anayekaa mtaa wa pili.

Nilipokwisha kujua hayo nilimtafuta yule kijana. Nilimkuta ameazima kompyuta mpakato ya mtumba ya binamu yake, betri yake imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika na kazi imekatika. "Shikamoo mwalimu," akasema, akiwa na wasiwasi kuwa nimekuja kumpeleka gereji. Akanionyesha alichotengeneza: programu ya mchezo wa mama yake. Kina mama 12 wanachangiana kila wiki, mmoja anapokea kwa zamu. Programu ilikuwa na sura mbaya, nakiri, maandishi meupe juu ya weusi kama sinema ya zamani. Lakini ilikuwa inaonyesha nani ametoa, nani bado, na zamu ni ya nani.

Nikamwuliza imeshawahi kukosea? Akainama. Wiki ya tatu ilimtaja mama mmoja, mtu mzima wa heshima, kuwa mdaiwa mbele ya wenzake wote, kumbe alikuwa ametuma kwa M-Pesa usiku, baada ya saa sita, na programu ikaihesabu fedha ile kuwa ya wiki inayofuata. Yule mama alikasirika, nusura ajitoe. Kijana alikwenda kuomba radhi na mama yake, kisha akakaa siku nne akitafuta kosa, akalipata, akalisahihisha. Hapo ndipo nilipomwona kwa jicho jingine. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote na ni wanafunzi wachache waliowahi kukaa siku nne na kosa lao wenyewe.

Ama kuhusu vyeti, nisije nikaeleweka vibaya. Mlango wa uani haumaanishi kubomoa mlango wa mbele. Ajira za serikali zinadai cheti, na benki na makampuni makubwa mengi ni hivyo hivyo. Kijana huyu asome programu na wakati huo huo arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu yake ni kupata ufaulu wa masomo manne, walau D, ili aingie astashahada, ngazi ya 4 katika mfumo unaosimamiwa na NACTVET, kisha apande hadi stashahada ngazi ya 6, na kutoka hapo digrii. Watu huita kuunga unga, na wengi wamefika. Jirani kabisa tuna Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kinachofundisha teknolojia ya habari na mawasiliano katika biashara, na Chuo cha Ufundi Arusha, mwendo wa kilomita 80 tu. Aliyekwisha kuwa mtu mzima na kazi zake anacho Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye kituo mkoani Kilimanjaro.

Wazazi wetu wazingatie jambo moja hapo: masomo hayo manne yanahesabiwa nje ya masomo ya dini. Kijana mwenye D tatu na B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu ana masomo matatu tu mbele ya mlango huo. Mtu anaweza kuona ni haki au si haki, na yapo ya kusema, lakini mtoto asije akagundua hilo siku ya kujaza fomu. Ajipange tangu kidato cha pili, na hisabati asiikimbie.

Na mabinti? Katika miezi yangu ya kuuliza uliza, wazazi wote waliokuja kwangu walikuja kwa ajili ya watoto wa kiume. Kazi hii inaweza kufanyika nyumbani, haihitaji misuli, na haina saa za usiku stendi. Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013 kufundisha wasichana kazi hii hii. Binti anayeweza kufuma kitambaa kwa kuhesabu nyuzi bila kukosea ameshashika nusu ya nidhamu inayotakiwa. Wazazi wa kike wananielewa hapo.

Kinachokosekana ni mahali na mtu. Mahali ni chumba chenye umeme, kompyuta tano za mtumba na intaneti ya kulipia kwa pamoja. Misikiti yetu kadhaa mjini ina vyumba vya madrasa ambavyo baada ya Isha vimefungwa. Mtu ni yule wa kuisoma kazi ya kijana na kumwambia hapa umekosea. Si lazima awe mhandisi. Mhasibu anaweza kumwambia kuwa jumla haikubaliani, karani wa kahawa anaweza kumwambia kuwa daftari halikai hivyo. Wahandisi wenyewe, wale vijana wa Moshi waliopata kazi Dar es Salaam na Nairobi na wanaorudi mwisho wa mwaka, wangetenga jioni mbili kati ya mishikaki yao, wangekuwa wametoa kitu ambacho hakipatikani kwenye video.

Kwa upande wangu nimejipa kazi ya Jumamosi. Kijana anakuja nyumbani na kompyuta yake isiyo na betri, pamoja na wenzake wawili, mmoja wao binti wa jirani, nami nawapa hesabu za mirathi. Yule bwana wa kibarazani huwaleta mwenyewe, anakaa pembeni na kahawa yake, haamini lakini hakosi. Wiki tatu zilizopita programu yao iligawa vizuri ile mirathi ya milioni 24. Jumamosi iliyopita nikawapa mume na dada wawili, bila kuwaambia lolote kuhusu awl. Programu ikatoa majibu upesi sana, na jumla ya walichopewa warithi ikazidi mali ya marehemu. Kijana akaangalia kioo, akaangalia daftari, akaniangalia mimi. Nikamwambia afunge kompyuta, tukatoka wote wanne na mzee wake, tukaenda kumgongea ustadhi mlango. Ustadhi alisikiliza swali mpaka mwisho, akacheka, akaagiza karatasi.